Tahadhari: Kishikwambi Kipya Kinaweza Kuja na Mwizi Wake

Mzazi anayepanga kumnunulia mtoto kishikwambi kidogo kabla shule hazijafunguliwa, asome haya kabla ya kutoa pesa. Na aliyekwisha kununua, hasa kile cha inchi saba au nane chenye jina ambalo hajawahi kulisikia popote, asitie laini ndani yake wala asiingize akaunti yake ya Google mpaka afike mwisho wa makala hii.

Hatari yenyewe inajulikana na ina jina. Machi 2025 kampuni ya usalama wa mitandao ya HUMAN ilitangaza kugundua mtandao wa kihalifu iliouita BADBOX 2.0, uliokuwa umeingia katika vifaa zaidi ya milioni 1 vya bei nafuu vinavyotumia Android: visanduku vya televisheni, projekta na vishikwambi. Juni mwaka huohuo FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, ikawaonya wananchi wake. Julai, Google ikafungua kesi jijini New York dhidi ya waendeshaji wa mtandao huo, ikisema vifaa vilivyoathirika vimeshapita milioni 10. Vifaa hivyo vilitengenezwa China na nyayo zake zilionekana katika nchi na maeneo zaidi ya 200. Kwa hiyo anayedhani habari hii haiwahusu wateja wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue, ajiulize bidhaa zinazojaza rafu za huko zinatoka wapi.

Tumezoea kuambiwa kwamba virusi huingia kwa uzembe wa mtumiaji: amebofya kiungo cha ovyo, au amepakua programu kutoka pasipojulikana. Hapa mtumiaji hajafanya kosa lolote. Programu hasidi imo ndani ya kifaa kabla boksi halijafunguliwa, imewekwa kiwandani au njiani kati ya kiwanda na duka. Ni kama kununua nyumba ambayo fundi aliyeijenga amebaki na ufunguo. Unaweza kupaka rangi na kubadilisha mapazia, yeye bado anaingia.

Inafanyaje kazi? Katika Android kuna mchakato mama unaoitwa Zygote, na kila programu unayoifungua, iwe WhatsApp, kamera au programu ya benki, huzaliwa kutoka kwake. Mwaka 2016 watafiti wa Kaspersky walieleza habari za programu hasidi waliyoiita Triada, ambayo ujanja wake mkubwa ulikuwa kujipenyeza ndani ya Zygote. Ikishakaa hapo, haina haja ya kuvamia programu moja moja, kwa kuwa kila programu inazaliwa ikiwa nayo tayari. Inaweza kusoma ujumbe mfupi, na hata kuuzuia usikufikie. Miaka mitatu baadaye Google ilithibitisha kwamba toleo jipya la Triada lilikutwa ndani ya mifumo ya simu zilizotoka viwandani hivyohivyo. Njia iliyotumika inasikitisha kwa wepesi wake. Mtengenezaji mdogo asiye na wataalamu wa kutosha alitaka simu yake iwe na kitu cha ziada, tuseme kufunguka kwa uso. Akaupeleka mfumo wake wote kwa kampuni ya pembeni imtengenezee. Mfumo ukarudi na alichokiomba, pamoja na asichokiomba.

Ndiyo maana kuriseti hakusaidii. Ukirudisha kishikwambi katika hali ya kiwandani, unafuta sehemu ya mtumiaji tu, yaani picha, akaunti na programu ulizopakua. Sehemu ya mfumo haiguswi, na mwizi anakaa huko. Hali ya kiwandani ndiyo hali yenye ugonjwa. Fundi anaweza kukiflashi upya, lakini faili atakalolipata mtandaoni kwa kifaa kisicho na jina mara nyingi ni lilelile lililotoka kiwandani.

Na mwizi huyu anataka nini kwa mtoto wa darasa la tatu? Mtoto mwenyewe hamhusu. Anachokitaka ni intaneti ya nyumbani kwako. Kifaa kilichoathirika hugeuzwa njia ya kupitishia shughuli za watu wengine: mhalifu aliye mbali anaingia mtandaoni akionekana kama yuko sebuleni kwako, na akijaribu kuvunja akaunti za watu au kufungua akaunti bandia, anwani inayobaki kwenye kumbukumbu ni ya kwako. Kifaa kilekile hubofya matangazo yasiyoonekana kwenye kioo, usiku na mchana, ili mtu alipwe. Bando linakwisha, betri inapata moto, na mzazi anamgombeza mtoto kwamba anaangalia katuni mno.

Kwetu kuna jambo lililo baya zaidi. Fedha zetu zinakaa kwenye laini ya simu. Vishikwambi vingi vya bei nafuu vina tundu la laini, na muuzaji hulitaja tundu hilo kama sifa. Kifaa kinachoweza kusoma ujumbe mfupi kinaweza kusoma namba ya uthibitisho inayotumwa na benki, na WhatsApp, na kila huduma inayotaka kujua kama ni wewe kweli. Bara letu limeshayaona haya. Mwaka 2020 kampuni ya Upstream ilieleza jinsi simu za bei nafuu aina ya Tecno W2, zilizouzwa Ethiopia, Cameroon, Misri, Ghana na Afrika Kusini, zilivyokutwa na Triada pamoja na mwenzake xHelper, zikiwaunganisha wenye simu na huduma za kulipia ambazo hawakuziomba. Kampuni mama ya Tecno, Transsion, ilimtupia lawama msambazaji mmoja katika mnyororo wake bila kumtaja. Salio lililokatwa lilikuwa la watu wanaoweka vocha ndogondogo.

Kuhusu vishikwambi vya watoto hasa, kuna kisa cha 2023 ambacho kila mzazi angepaswa kukijua. Mtafiti wa EFF, taasisi ya Marekani inayotetea haki za watu mitandaoni, alikichunguza kishikwambi cha watoto cha Dragon Touch, modeli ya KidzPad Y88X 10, kilichonunuliwa Amazon mwaka huohuo. Ndani yake kulikuwa na alama za programu hasidi iitwayo Corejava. Mfumo wake ulikuwa Android 9, toleo la 2018, katika kifaa kilichouzwa kama kipya. Kulikuwa pia na duka la programu za watoto la toleo lililopitwa na wakati, likituma nje taarifa za matumizi. Boksi lilikuwa zuri na kava lilikuwa la rangi za kuvutia. Maduka makubwa ya mtandaoni hayakukulinda hapo, basi usitegemee kwamba muuzaji wa barabarani atakulinda. Na wengi wa wauzaji hao hawana kosa, kwa maana hata wao hawajui walichokibeba.

Sasa tuje kwenye swali ambalo kila mtu huniuliza: Android au iPad? Ubishi huu ni wa zamani, na kwa vishikwambi vidogo ulianza kwa dharau. Oktoba 2010 Steve Jobs, mkuu wa Apple, aliwaambia wawekezaji kwamba vishikwambi vya inchi saba vitakufa siku vikizaliwa, maana kioo ni kidogo mno. Wakati huo Samsung walikuwa wametoa Galaxy Tab yao ya kwanza, ya inchi saba hizohizo. Ikaja Kindle Fire mwishoni mwa 2011, kisha Nexus 7 katikati ya 2012, zote kwa dola 199, na Oktoba 2012 Apple wenyewe wakapanda jukwaani na iPad mini ya inchi 7.9. Jobs alikuwa ameshafariki mwaka uliotangulia. Kati ya hapo wengine walizikwa kimyakimya: BlackBerry PlayBook ya inchi saba na mfumo wake wa QNX, na HP TouchPad yenye webOS iliyofutwa kabla haijamaliza miezi miwili sokoni. Waliozinunua walibaki na vioo vizuri visivyo na programu mpya.

Kwa hiyo mimi siulizi tena mfumo upi ni mzuri. Nauliza nani anasimama nyuma yake, na atasimama mpaka lini. Ukiuliza hivyo, unakuta pambano halisi haliko kati ya Android na iPadOS. Liko kati ya mifumo yenye mwenyewe na mifumo yatima.

Android kwa msingi wake ni mali ya wazi. Kiwanda chochote kinaweza kuichukua bure, kuibadilisha na kuiweka kwenye kioo. Hilo si kosa, na ndilo lililotuletea simu za bei tunayoimudu. Lakini ili mtengenezaji aruhusiwe kuweka Play Store na huduma za Google, kifaa chake lazima kipite majaribio ya Google na kithibitishwe. Samsung, Lenovo, Nokia, Xiaomi na wenzao hupita huko. Kiwanda kisichotaka gharama hiyo huchukua ile ya bure, humwaga ndani kinachotaka, na mara nyingine hubandika Play Store kwa njia za panya. Machoni vinafanana kabisa. Katika kisa kimoja mashuhuri, cha kisanduku cha televisheni kiitwacho T95 mwaka 2023, mchunguzi aliyekinunua alikuta mfumo umetiwa sahihi kwa funguo za majaribio, zile ambazo kila mtayarishaji programu duniani anazo.

Kwenye iPad mlango huo umefungwa. Hakuna kampuni nyingine inayoruhusiwa kutengeneza iPad yake, na kifaa kinakataa kuwaka na mfumo usio na sahihi ya Apple. Haimaanishi kwamba haivunjiki. Septemba 2025 Apple walilazimika kutoa kiraka kwa tundu lililokuwa likitumiwa na wavamizi hodari, na wakakipeleka hadi kwenye iPad mini 4. Iangalie hiyo: kishikwambi kidogo kilichotoka 2015 kinapata kiraka 2025. Vile vya bila jina vingi havipati hata kimoja tangu siku vilipotoka kiwandani. Ukitaka kulinganisha mifumo, linganisha hilo kwanza, ndipo uje kwenye kamera.

Lakini msinielewe vibaya mkakimbilia iPad za mtumba. Huko nako kuna shimo, na Watanzania na Wakenya wengi wametumbukia humo kupitia mizigo ya Dubai. iPad mini ya kwanza iliishia iOS 9. Mini 2 na mini 3 ziliishia iOS 12. Zinawaka, vioo vinang'aa, na kwa mtu asiyezijua zinafanana na zile mpya. Ukifungua duka la programu, unaambiwa kifaa chako ni cha zamani. Benki hazikubali, madarasa ya mtandaoni hayakubali. WhatsApp yenyewe iliingia rasmi kwenye iPad Mei 2025 tu, na hizo hazimo katika hesabu. Anayenunua leo asishuke chini ya mini ya kizazi cha tano, ile ya 2019.

Shimo la pili ni kufuli. Mwenye iPad aliyeibiwa, au aliyeuza bila kujitoa kwenye akaunti yake, anabaki kuwa mwenyewe mbele ya Apple. Utafuta kila kitu, utawasha upya, na kioo kitakuomba anwani na nenosiri la mtu usiyemjua. Nyingine zilikuwa za shule au kampuni za ng'ambo: zinafanya kazi vizuri dukani bila intaneti, ukifika nyumbani ukaunganisha Wi-Fi zinatangaza kwamba zinasimamiwa na taasisi fulani, na hapo ndio mwisho. Kwa hiyo iPad ya mtumba ifutwe mbele yako, iunganishwe na intaneti mbele yako, na isikuombe akaunti ya mtu mwingine. Fundi akikwambia "tutaitoa hiyo iCloud, mama, usijali", beba pesa yako uondoke.

Fire za Amazon nazitaja kwa haraka kwa sababu ndugu walioko Marekani hupenda kuzituma kama zawadi. Si vifaa vya wizi, na zina mwenyewe anayezihudumia. Fire OS imejengwa juu ya Android lakini haina Play Store, hivyo programu nyingi za hapa kwetu hutazikuta kwenye duka lake. Watu hujaribu kuingiza Play Store kwa mafaili ya kuokota mitandaoni, na hapo wanajitengenezea wenyewe tatizo ambalo kifaa hakikuja nalo. Fire ni ya vitabu na video, iacheni hivyo. Huawei wapya wana habari ndefu zaidi tangu Marekani ilipowawekea vikwazo Mei 2019. Kwa mtoto wa shule anayehitaji huduma za Google, tafuta kingine.

Turudi sokoni. Utasikia: "Bosi, hii ni Android 14, RAM 12, GB 512, na kava nakupa bure." Namba hizo zote zinaweza kuwa uongo. Sehemu inayoonyesha toleo la Android kwenye mipangilio ni maandishi tu, na aliyetengeneza mfumo anaweza kuandika apendavyo. Hata kiasi cha hifadhi huandikwa, na utagundua ukweli siku video za darasani zitakapoanza kupotea. Kwa bei ya vifaa hivi, kumbukumbu ya kiasi hicho haiwezekani. Mimi sibishani na muuzaji juu ya namba. Namwomba akiwashe kifaa na kukiunganisha na intaneti ya simu yangu, kisha nafanya mambo mawili.

La kwanza, nafungua Play Store, nagusa alama ya akaunti juu, naingia kwenye mipangilio, kisha sehemu inayohusu programu yenyewe. Hapo chini pana mstari wa uthibitisho wa Play Protect, ulinzi wa Google, nao husema wazi kama kifaa kimethibitishwa au hakikuthibitishwa. Unahitaji kuingiza akaunti ili ufike hapo, kwa hiyo fungua akaunti mpya ya bure kwa kazi hiyo, usiweke ile yenye barua na picha zako. Muuzaji akikuelekeza uzime Play Protect ili programu fulani ifanye kazi, hiyo ni mojawapo ya dalili ambazo FBI waliziorodhesha. La pili, kwenye mipangilio ya kifaa, sehemu ya maelezo yake, natafuta tarehe ya kiraka cha mwisho cha usalama. Kifaa kinachoitwa kipya chenye kiraka cha miaka mitatu iliyopita si kipya.

Kuna wanaoghushi hata uthibitisho, kwa hiyo jina la mtengenezaji lina uzito wake. Google huweka wazi orodha ya watengenezaji washirika, na jina ambalo halimo humo lisiingie nyumbani kwako. Wala usijifariji kwa namba ya IMEI. Kutuma IMEI 15090 Tanzania au 1555 Kenya kunakusaidia kujua kama namba ya kifaa ni halali, hakukuambii kilichomo ndani ya mfumo, na kishikwambi cha Wi-Fi tupu hakina IMEI kabisa.

Na kama pesa haitoshi? Hapa nina msimamo, na wauzaji wengine hawatanipenda. Nunua Samsung au Lenovo iliyotumika, ambayo bado inapokea viraka, kuliko kipya kisicho na jina. Au mpe mtoto simu yako ya zamani yenye kioo kikubwa. Au subiri muhula mwingine. Mtoto aliyekaa bila kishikwambi miezi minne hajapoteza kitu kikubwa kuliko mzazi aliyefungua mlango wa M-Pesa yake.

Wakuu wa shule, nanyi sikilizeni. Tanzania, baada ya sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika viligawiwa walimu, na Kenya ilianza kupeleka vyake katika shule za msingi kwa mpango wa serikali mwaka 2016. Tangu hapo kila shule binafsi inataka kuonekana nayo ina vyake. Kamati inakaa, nukuu tatu za bei zinaletwa, ya chini inashinda. Ukinunua 60 vya bila jina na kuviunganisha kwenye Wi-Fi moja na kompyuta ya mhasibu, umeziweka hesabu za ada na majina ya wanafunzi katika chumba kimoja na mtu usiyemjua. Andikeni kwenye zabuni, kabla ya bei: kifaa kiwe kimethibitishwa na Google, na muuzaji ataje kwa maandishi viraka vya usalama vitaendelea mpaka mwaka gani. Asiyeweza kutaja mwaka, asifunguliwe bahasha.

Kwa mwenye kifaa tayari, na kimeonekana hakikuthibitishwa: kizimie Wi-Fi sasa. Toa laini. Kwa kutumia simu nyingine, si kishikwambi hicho, ingia kwenye akaunti yako ya Google, kiondoe kwenye orodha ya vifaa vyako, kisha ubadilishe nenosiri. Fanya vivyo hivyo kwenye WhatsApp, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Badilisha namba ya siri ya huduma ya fedha kama uliwahi kuiandika humo, na uipigie benki kama programu yao ilikuwamo. Kikae bila intaneti. Mtoto anaweza kuangalia video ulizomwekea kwenye kadi, na hapo hakina madhara.

Usikigawe. Najua desturi yetu, kinachotushinda mjini tunakipeleka kijijini, kwa shangazi au kwa mtoto wa dada, na wao huweka laini yao ya pekee humohumo, ile inayopokea pesa za matumizi. Usikiuze pia. Na kama ulishakiuza wiki iliyopita, mpigie uliyemuuzia.